Injini mbili, pozisheni moja, namba mbili: maswali yenu ya sataranji

Mwezi huu barua karibu zote zimeangukia sehemu moja. Mtu kaweka pozisheni ya moto, kete zinaning'inia kila kona, wafalme wote wako nje hawana hata pawni ya kujifichia, kawasha injini mbili, yaani programu za kompyuta zinazochambua sataranji (namba yenye + maana yake nyeupe yuko mbele, yenye − nyeusi), moja inamwambia nyeupe anashinda, nyingine inamwambia ngoma droo, basi anakuja kwangu niamue. Jamani mi sio refa, mi mwenyewe nikicheza blitzi natoa malkia bure. Ila hizi injini nimekaa nazo miaka, najua zinavyofikiri na zinavyodanganya, kwa hiyo tusogee.

Shikamoo mwalimu. Nina pozisheni nyeupe katoa kafara farasi na bishopu kumfungua mfalme mweusi. Stockfish ilikaa kwenye +0.3 kama dakika mbili halafu ghafla ikaruka +4. Leela ilianza na +1.1 ikawa inapanda polepole, 1.3, 1.6, mpaka nikachoka kusubiri. Ipi niamini? Na mbona zinapanda tofauti hivi? (Mpenda Kafara)

Marahaba. Swali lako la pili ndo linalojibu la kwanza kwa hiyo ntaanza nalo.

Stockfish inatoka kwenye ukoo wa zamani wa alfa-beta, ule ule wa Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomfunga bingwa wa dunia Kasparov 3.5 kwa 2.5 mwaka 1997 ikipitia pozisheni kama milioni 200 kwa sekunde. Inajenga mti wa muvu, nikienda hapa atajibu vile, nami ntajibu hivi, na kila tawi inachukua jibu bora la kila upande. Sasa sikiliza hapa maana wengi hawapajui: ile namba unayoiona juu ya skrini ni thamani ya pozisheni MOJA, ile iliyo mwishoni kabisa mwa njia moja. Imepitia mamilioni lakini inayoongea ni moja. Ndo maana haipandi ngazi. Ikigundua kwamba kuna njia nyingine bora zaidi, inaiacha ile ya kwanza kama haijawahi kuijua na namba inaruka kutoka 0.3 mpaka 4 bila salamu.

Leela ni mtu mwingine kabisa. Ilianza 2018 ikifuata wazo la AlphaZero ya DeepMind, ile iliyotangazwa Desemba 2017 kwamba imecheza gemu 100 na Stockfish 8 ikashinda 28, ikatoa sare 72, haikufungwa hata moja, na ilikuwa inapitia pozisheni kama elfu 80 tu kwa sekunde wakati mwenzake anapitia milioni 70. (Watu walilalamika sana kuhusu masharti ya mechi ile, dakika moja kwa kila muvu badala ya saa ya kawaida, na mi naona malalamiko yalikuwa na chembe ya haki, ila lile wazo lenyewe halikuwa na ubishi.) Neti ya Leela, yaani mtandao wa neva uliojifunza kwa kucheza, ikitazama ubao inatoa vitu viwili: asilimia kwa kila muvu, yaani muvu hii inanuka vizuri hii hainuki, na makisio ya nani atashinda. Halafu inatembea kwenye mti ikifuata harufu hiyo, na namba inayokuonyesha ni WASTANI wa matembezi yote iliyofanya. Wastani hauruki. Ikishagundua muvu nzuri inabidi iitembelee tena na tena mpaka matembezi mapya yazidi yale ya zamani, ndo maana ulikaa unaangalia 1.1, 1.3, 1.6 kama maji yanajaa kwenye pipa.

Kwa hiyo zote mbili zilikuwa zinakupa habari ile ile, nyeupe yuko vizuri, moja kwa kelele nyingine kwa kunong'ona. Leela hapo ilikuwa mbele, ilinusa hatari ya mfalme tangu mwanzo bila kuona chekimeti yenyewe. Stockfish haikunusa, ila ilipoona iliona kweli. Ungekuwa mwanangu ningekwambia namba zote mbili ziache, fungua ile njia iliyoandikwa pembeni ya +4 uangalie ni muvu gani iliyoleta mruko. Nakuwekea dau kwamba ni muvu ya kimya, sio cheki wala sio kula kete, pengine ngome inasogea tu pembeni au mfalme anapiga hatua moja kukwepa.

Kwa nini nasema hivyo? Injini ikifika mwisho wa kina chake, yaani idadi ya muvu inazoangalia mbele, haihesabu pale pale, ingefanya hivyo ingekuwa inasimama katikati ya kulana, kala malkia wangu sijala wake, halafu inasema umeshinda. Kwa hiyo inaendelea kidogo kwa kufuata kimsingi kulana tu mpaka ubao utulie. Sasa chukua ile chekimeti ya farasi kila mtu anaijua, mfalme mweusi h8 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), ngome yake f8, pawni g7 na h7, farasi mweupe h6, malkia anaenda g8 cheki, ngome lazima ile, farasi anaingia f7, kwisha. Ile muvu ya mwisho haili kitu! Injini ambayo kina chake kimeishia pale ngome ilipomla malkia, ikifuata kulana tu inaona nyeupe kapoteza malkia bure. Huu mfano ni wa kitoto, hakuna injini ya leo inayoukosa kwa sababu unahitaji muvu moja tu zaidi, lakini weka hali hiyo hiyo muvu kumi na tano mbele na hapo ndo dakika zako mbili zilipokwenda.

Mi nashangaa. Injini inanipa +0.5, nacheza ile muvu yake ya kwanza kwenye ubao, namba inakuwa +1.8, narudi nyuma muvu moja, saa hizi inasema +1.7 kwenye pozisheni ile ile iliyosema 0.5! Imeharibika?

Haijaharibika, imekumbuka. Kila injini ya aina hii ina daftari, memori inayoandika pozisheni iliyokwisha kuipitia na ilichokiona pale, ili ikifika tena kwa njia nyingine isihesabu upya. Ulipocheza muvu ulikuwa umeiambia acha mengine yote, kaa hapa, ikaenda ndani zaidi kuliko ingeenda ikiwa nyuma, ikaandika kwenye daftari, uliporudi ikasoma majibu yake yenyewe.

Wachambuzi wakubwa wanafanya hivi makusudi. Kwenye pozisheni kali usiikalie injini kwenye muvu ya kwanza nusu saa nzima, ipeleke mbele kwa mkono, ichezee muvu unayoishuku wewe, isubiri, irudishe nyuma. Na memori iongeze, ile ndogo inayokuja na programu inajaa haraka halafu inaanza kufuta kurasa za zamani.

Na kama unatumia nyuzi nyingi za prosesa, yaani hesabu kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja, usishangae ukirudia jaribio lile lile upate namba tofauti kidogo, nyuzi zinapishana kuandika kwenye daftari moja na hazipishani vilevile mara mbili. Kwa mtu anayelinganisha injini hilo ni tatizo kweli, ntalirudia chini.

Kaka, nimejaribu ile muvu maarufu ya Shirov dhidi ya Topalov, Linares 1998, bishopu kwenda h3. Wanasema kompyuta hazikuiona kwa miaka. Simu yangu nayo haikuionyesha nilipoiacha kidogo. Ila hata mimi nikiambiwa jibu bado sielewi, sasa injini ikose kwa nini na binadamu aione?

Hii naipenda mpaka naogopa ntaandika kurasa nzima.

Weka ubao. Nyeupe: mfalme g1, bishopu c3, pawni g2 na h4. Nyeusi: mfalme e6, bishopu f5, pawni a4, d5, f6, g6. Nyeusi kamzidi pawni mbili lakini mabishopu ni wa rangi tofauti, na kila aliyecheza sataranji zaidi ya mwezi mmoja anajua hapo sare inanukia. Shirov akamchukua bishopu wake, kete yake pekee iliyobaki, akampeleka h3 aliwe na pawni.

Kwa nini? Kwa sababu vita yote iko kwenye mraba wa e4. Mfalme mweusi akifika pale kabla mfalme mweupe hajafika e3, anashuka kusukuma pawni za a na d, na bishopu mmoja hawezi kuzuia mbili zilizo mbali. Njia ya mfalme inapita f5 na pale amekaa nani? Bishopu wake mwenyewe. Lazima aondoke na lazima aondoke kwa muvu ambayo haimpi nyeupe nafasi. Kutoka h3 anaitishia pawni ya g2, kwa hiyo nyeupe hana muda: akimla, mfalme f5, nyeupe anakuja f2, mfalme e4, umechelewa. Asipomla, bishopu anakula g2 kwa cheki au anamvuta mfalme pembeni, na e4 inapatikana vilevile. Gemu yenyewe ilikwenda hivyo, Topalov akala bishopu, akala na pawni ya f6, halafu nyeusi akasukuma d4 na muvu chache baadaye ikaisha.

Sasa upande wa injini. Alfa-beta haiwezi kupitia kila kitu, ingekwama, kwa hiyo inapanga muvu kwenye foleni, zinazoonekana nzuri mbele zinachimbwa kwa kina kamili, za nyuma zinachunguliwa kwa kina kilichopunguzwa, na zile ambazo kete inajipeleka mdomoni kwa adui bila malipo zinasukumwa mwisho kabisa au zinakatwa pale mti unapokuwa mwembamba. Bishopu anajipeleka kwenye pawni, halipwi kitu. Foleni hiyo yuko mkiani. Halafu faida yenyewe inakuja mbali sana, mpaka pawni inakaribia kuwa malkia, kwa hiyo kwa kina kilichopunguzwa injini inachungulia, inaona bishopu hayupo, inafunga mlango.

Na usifikiri kwa Leela ni rahisi kwa sababu ina harufu. Harufu ni mafunzo, na kwenye mafunzo yake kutoa bishopu wa mwisho bure ni blanda, kosa kubwa, mara elfu kwa moja. Neti ikiipa muvu asilimia ndogo sana inaitembelea mara chache sana, na isipoitembelea haiwezi kugundua kwamba ilikosea. Ni upofu wa aina nyingine. Stockfish inakosa muvu kwa sababu ya sheria za kukata matawi, Leela inakosa kwa sababu ya mazoea. Ndo uzuri wa kuwa nazo zote mbili, hazikosi sehemu moja.

Mashine za leo zenye programu mpya zinaipata, muda unategemea na mashine. Simu yako ilikuwa inahesabu ndani ya kivinjari pengine kwa uzi mmoja na ikipata moto inajipunguza yenyewe. Cheza h3 kwa mkono uone itakavyobadilisha lugha.

Na binadamu aliionaje? Shirov hakupitia mti. Alijua anataka e4, akauliza nani kanizibia njia, akaona ni mtu wake, akamfukuza nyumbani.

0.00 maana yake nini? Pozisheni imewaka moto pande zote halafu inanipa sifuri sifuri.

Mara nyingi maana yake imeona cheki za kujirudia bila mwisho, au kurudia pozisheni mara tatu. Yaani mwisho wa ile njia bora kabisa ya pande zote kuna sare, na sare ni sifuri hata kama njiani kila muvu ukikosea moja unakufa.

Hapa Leela inasaidia zaidi maana inaweza kukuonyesha asilimia tatu, kushinda, sare, kufungwa. Namba yake moja ni kushinda ukitoa kufungwa. Kwa hiyo 2, 96, 2 inatoa sifuri, na 45, 10, 45 nayo inatoa sifuri! Ya kwanza ni mwisho wa gemu uliolala usingizi, ya pili ni kisu mezani. Stockfish nayo ina uwezo wa kuonyesha hizo asilimia tatu, lakini watu wengi wameuacha umezimwa kwenye mipangilio halafu wanabishana kuhusu sifuri.

Mwenzangu anasema +1.00 ya Stockfish na +1.00 ya Leela ni kitu kimoja, pawni moja ni pawni moja. Mi nabisha ila sina hoja.

Hoja chukua hii. Zamani kweli namba ilikuwa ni pawni, injini ilijumlisha kete, ikaongeza maksi za mfalme kuwa salama, pawni kukaa vizuri, binadamu ndo waliandika maksi hizo kwa mkono. Mwaka 2018 Mjapani Yu Nasu akabuni neti ndogo za haraka kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani, zile zinaitwa NNUE, ujanja wake ni kwamba kete moja ikisogea neti haihesabu upya yote, inarekebisha sehemu iliyobadilika tu, kwa hiyo inakimbia kwenye prosesa ya kawaida bila kadi ya grafiki. Stockfish 12 ya Septemba 2020 ikaingiza hiyo na ikapanda sana, na baadaye zile maksi za mkono zikaondolewa kabisa. Kwa hiyo hakuna tena mtu anayehesabu pawni mle ndani!

Kuanzia toleo la 15.1, Desemba 2022, walipima upya namba ili +1.00 iwe na maana ya nafasi nusu kwa nusu ya kushinda ukicheza na wa kiwango chako, kiwango cha injini lakini sio chako na mimi. Leela yenyewe inaanza na ule wastani wa kushinda na kufungwa halafu inautafsiri kuwa pawni kwa fomula yake ili wewe usiogope. Fomula mbili tofauti. Hata Stockfish ya 2019 na ya leo ukiziweka pamoja usilinganishe namba, rula zimebadilika.

Mweleze mwenzako kwamba namba za injini moja kwa toleo moja unaweza kuzipanga, muvu A inazidi muvu B. Ukivuka kwenda injini nyingine linganisha muvu na sio namba.

Injini imesema kafara ya Kasparov dhidi ya Topalov, Wijk aan Zee 1999, haikuwa sahihi. Ile gemu tunayoambiwa ni ya karne! Kumbe alibahatisha?

Umenikasirisha lakini ni swali zuri.

Muvu ya 24 Kasparov anatoa ngome kwa kula d4. Topalov akaila na pawni, ikaja ngome ya pili e7 kwa cheki, hiyo nayo hawezi kuila maana malkia mweupe angeingia d4 na chekimeti ikafuata, basi mfalme mweusi akafukuzwa ubao mzima mpaka e1, yaani nyumbani kwa adui, hapo Topalov keshaelemewa na muvu ya 44 akaachia. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kwamba badala ya kuila ile ngome ya kwanza nyeusi angesogeza mfalme b6 tu, kimya kimya, na hakuna ushindi pale. Ndo maana injini yako ukiipeleka muvu ya 24 haishangilii.

Lakini angalia inachopima. Nilisema juu alfa-beta inachukua jibu bora la kila upande. Nyeusi akiwa na majibu thelathini, ishirini na tisa yanamuua, moja linamwokoa, namba inayotoka ni ya lile moja. Ile ishirini na tisa haipo kwenye namba, imetupwa. Injini inadhania mpinzani wako ni yenyewe. Kwa hesabu hiyo kafara ambayo jibu lake ni gumu kupatikana na muvu ya kawaida ya kusogeza pawni ya pembeni zinaweza kupata maksi sawa, na kwa injini kweli ni sawa. Kwa Topalov ambaye alikuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani, saa inaisha, ngome inatolewa mbele ya macho, na kuikubali kunaonekana ndo njia ya kuishi, haikuwa sawa hata kidogo.

Ukitaka kupima ukali huo kwa injini, washa njia tano kwa pamoja, ikuonyeshe majibu matano bora ya mpinzani, uangalie pengo. Kwa upande wake, jibu la kwanza 0.0, la pili −5, basi ujue mpinzani anatembea juu ya kamba. Jibu la kwanza 0.0, la pili −0.1, la tatu −0.2, hapo hamna kali lolote hata kama kete zinarukaruka. Hilo pengo linakwambia mengi kuliko ile namba ya juu, na injini zote mbili mara nyingi zinakubaliana kwenye pengo hata zikibishana kwenye namba.

Kwamba alibahatisha, hapana. Aliona e7, aliona mfalme anavyotembea, na hesabu ya mpaka mwisho ile hakuna anayeibahatisha.

Kina 40 ni bora kuliko kina 20, si ndiyo?

Kwa injini ile ile kwenye pozisheni ile ile, kawaida ndiyo. Kati ya injini mbili, hapana, swali halina maana. Stockfish inakata matawi kwa ukali sana, kina 30 yake maana yake njia chache zimechimbwa sana na nyingi zimechunguliwa tu. Leela ikisema kina 12 inakuwa imepitia pozisheni chache kwa neti nzito zaidi. Kila injini inavyohesabu kina chake ni uamuzi wa aliyeiandika programu. Na ukiwasha njia tano kwa pamoja, kina kile kile kinakula muda zaidi, usilinganishe na njia moja.

Nataka kufanya jaribio langu, injini tatu, pozisheni ishirini kali, nione ipi ni bingwa wa taktiki. Nianzie wapi ili watu wasije wakanicheka?

Watakucheka tu, wachezaji wa sataranji ndo kazi yao, ila punguza sababu.

Wape wote muda sawa na sio kina sawa, kwa hiyo kina sahau kabisa. Futa memori kabla ya kila pozisheni, usipofuta ya pili inanufaika na ya kwanza kama zinafanana. Zile za alfa-beta zipe uzi mmoja mmoja, ni polepole lakini ukirudia utapata jibu lile lile, ama ukitumia nyuzi nyingi rudia mara kadhaa uandike zote. Leela ukiikimbiza bila kadi ya grafiki unakuwa umemfunga miguu halafu unamshindanisha mbio, sema wazi umetumia mashine gani.

Chagua pozisheni ambazo jibu ni moja na limehakikishwa. Hapa ndo wengi wanaanguka, wanachukua mafumbo ya vitabu vya zamani, kumbe fumbo lina majibu mawili au kafara ya kitabu haiko sahihi, injini inachagua njia nyingine inayoshinda vilevile na wewe unaiandikia kosa. Zenye kete saba au chini ya hapo zipime kwenye hazina za Syzygy, zile zinajua jibu la mwisho bila kukisia. Nyingine utalazimika kuziacha injini usiku mzima.

Na usihesabu tu sekunde mpaka muvu sahihi ilipotokea kwenye skrini. Injini inaweza kuionyesha muvu kwa sababu mbaya, inaitaja kwa sekunde tatu, inaiacha dakika nzima, inairudia. Andika wakati ambao ILIKAA pale na haikutoka tena, na namba ilikuwa ngapi, maana muvu sahihi yenye +0.2 bado haijaelewa inachocheza.

Weka na pozisheni kama nne ambazo kafara inaonekana tamu lakini haifanyi kazi. Mtu hupenda kujaza zile ambazo kafara inashinda, halafu injini iliyolewa kafara inaonekana bingwa. Matawi ya Stockfish, yaani nakala zake zilizorekebishwa na watu wengine kwa ajili ya mafumbo, yanapata hizo za kwanza haraka kuliko Stockfish yenyewe, na kwenye mechi halisi yanafungwa, kwa sababu muda wanaotumia kuchunguza kila kafara ya kijinga wanaukosa kwenye muvu za kawaida. Ukiweka hizo nne utaona na wewe.

Ukimaliza niletee, hasa zile ambazo zote tatu zimekosa.